Neno "bagong" na majirani zake: kuhusu msamiati wa Kichina wa migomo ya wafanyakazi

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi hufanya kazi ya ukalimani machimboni, alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Asubuhi moja wafanyakazi walikaa chini mbele ya lango, wasiingie kazini. Msimamizi wa Kichina akawatazama, akasema kwa ufupi kwamba watu hao "naoshi". Mkalimani akawageukia wafanyakazi, akawaambia kwa Kiswahili: "Anasema mmegoma." Wakaitikia kwamba ndiyo, wamegoma. Je, tafsiri ile ilikuwa sahihi?

Mwenye haraka atasema ilikuwa sahihi, maana watu wale walikuwa wamegoma kweli, na kila mtu pale langoni aliliona hilo kwa macho yake. Lakini "naoshi" si kugoma. "Nao" ni kelele, ni ghasia, ni mtoto asumbuaye usiku. "Shi" ni jambo. Anayesema "naoshi" asema kwamba watu wanaleta fujo. Kwetu tofauti hiyo si mchezo wa wanaisimu. Kifungu cha 39 cha Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 chaitambua haki ya kugoma na kuidhamini, lakini fujo haina kifungu cha kuitetea. Kwa neno moja mkalimani alikuwa amewachukua watu kutoka upande mmoja wa sheria na kuwaweka upande wa pili, naye hakujua kwamba amefanya hivyo.

Katika kurasa hizi twakusudia kuyapima maneno ambayo Wachina huyatumia kuutaja mgomo na aina nyingine za upinzani kazini, tukiuliza juu ya kila neno: limetoka kinywani mwa nani, nalo lamhukumu nani? Tumeyaandika maneno hayo kwa pinyin bila alama za toni. Anayejua Kichina atazirudisha mwenyewe, na asiyekijua hatapotezwa kwa kuzikosa.

Tuanze na neno lenyewe. "Bagong" lina mofimu mbili: "ba", kuacha au kukomesha, na "gong", kazi. Kitenzi "ba" ni cha kale, na herufi yake ya jadi yaonyesha alama ya wavu juu ya alama ya "neng", yaani kuweza. Wapo wanaopenda kuona humo mtu mwenye uwezo aliyenaswa. Sisi hatutajenga hoja juu ya picha. Lenye faida zaidi ni kuitazama jamaa ya neno. Zamani za ufalme wa Qing, wafanyabiashara waliofunga maduka yao kwa pamoja ili kumpinga mkubwa au kodi walisemwa kuwa "bashi", wameacha soko. Watahiniwa wa mitihani ya serikali waliokataa kuifanya walisemwa kuwa "bakao". Wanafunzi wakiacha masomo kwa pamoja, hiyo ni "bake". Afisa akiondolewa madarakani, kitendo hicho huitwa "bamian". Na katika mazungumzo ya kila siku, Mchina aliyechoshwa na ubishi husema "ba le", ambayo hatuioni tafsiri yake bora kuliko "basi" yetu. Kwa hiyo asikiaye "bagong" husikia ndani yake, kwa mbali, maneno haya: kazi, basi.

Linganisha na lugha tuzijuazo. Kitenzi chetu "kugoma" chaanzia katika mwili: punda hugoma njiani, mtoto hugoma kula. Neno la Kifaransa "grève", ambalo watu wa Lubumbashi hulichanganya katika Kiswahili chao bila haya yoyote, laanzia mahali, napo ni Place de Grève, uwanja wa Paris kando ya mto Seine walikosimama watu wasio na kazi wakingoja kuajiriwa. Kichina hakikutaja mwili wala mahali, bali uamuzi. "Ba" ni kitenzi cha mtu ajuaye anachokiacha na kwa nini anakiacha. Twadhani ndiyo maana watawala wa Uchina, kwa zamu, wamelitukuza neno hili na kuliogopa.

Hata hivyo si neno la kwanza. Katika mji wa Suzhou, uliosifika kwa hariri, mafundi wa kufuma walikuwa na neno lao kabla ya viwanda vya mashine kujulikana huko. Mwaka 1734 wakubwa walisimamisha bamba la jiwe lenye amri ya kuwakataza wafumaji, milele, wasifanye "jiaoxie". "Jiao" ni kuita, kupaza sauti. "Xie" ni kupumzika. Wito wa kupumzika! Amri ile yawalaumu mafundi kwamba hujitia katika ushirika wa kazi, huwakusanya wenzao na kuwashurutisha wenye mitambo waongeze ujira. Msomaji aitafakari hali ya neno hili. Wafumaji wenyewe hawakutuachia maandishi yao juu yake. Twalijua kwa mkono wa waliolipiga marufuku, waliolichonga jiweni ili lisisahaulike kwamba limekatazwa. Anayetafiti msamiati wa wanyonge hana budi kuizoea hali hii: kamusi yao mara nyingi imo katika hati za mashtaka.

"Jiaoxie" lilikufa pamoja na ufundi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi wa Kichina walitumia "tongmeng bagong", mgomo wa muungano, umbo lililokuwapo pia kwa Wajapani, na taratibu sehemu ya kwanza ikadondoka. Juni 1919, wakati wa harakati zilizoanza Mei 4 kupinga mkataba wa Versailles, mji wa Shanghai ulishuhudia "sanba", yaani kuacha kutatu: wanafunzi waliacha masomo, wenye maduka wakaacha soko, wafanyakazi wakaacha kazi. Hapo uzuri wa mofolojia ya Kichina ulijidhihirisha, kwani mofimu moja iliweza kuyafunga matabaka matatu pamoja, na kila moja likabaki na jina la kitu kilichokuwa mkononi mwake. Kisha ukaja mgomo wa mabaharia wa Hong Kong mwaka 1922, na mgomo mkubwa wa Guangzhou na Hong Kong, ulioanza Juni 1925 na kudumu miezi 16. Katika miaka hiyo "bagong" lilikuwa jina la heshima, na Chama cha Kikomunisti kililibeba kama bendera.

Septemba 1922 wachimbaji wa makaa na wafanyakazi wa reli wa Anyuan, katika jimbo la Jiangxi, waligoma, wakashinda. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Li Lisan na Liu Shaoqi. Yafaa tukae kidogo juu ya Liu Shaoqi, kwa kuwa maisha yake ni somo zima la semantiki. Kichina kina neno "gongzei" kwa mtu anayewasaliti wenzake mgomoni: "gong" ni mfanyakazi, "zei" ni mwizi. Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu huyo, jambo ambalo labda ni sifa njema kwetu, au labda ni dalili tu kwamba hatujamwandika. Sasa, Oktoba 1968, katika Mapinduzi ya Utamaduni, Liu Shaoqi, aliyekuwa mkuu wa nchi, alifukuzwa chamani kwa majina matatu, na la tatu lilikuwa "gongzei". Mwaka mmoja kabla yake mchoraji Liu Chunhua alikuwa amechora picha mashuhuri ya kijana Mao akielekea Anyuan, picha iliyochapwa kwa wingi usiohesabika; humo Liu Shaoqi hayumo. Kwa hiyo mtu aliyeuongoza mgomo alinyang'anywa mgomo wake kwa picha, kisha akaitwa mwizi wa mgomo kwa neno. Alikufa Novemba 1969. Mwaka 1980 chama kilimrudishia heshima yake, lakini neno likirudishwa halirudi kama lilivyoondoka. Tangu hapo, twaona sisi, msamiati wote wa mgomo nchini Uchina una doa la matumizi mabaya, na mfanyakazi alitamkaye mojawapo ya maneno hayo hutamka pia historia ambayo hakuichagua.

Tumerukia mwaka 1968. Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1956 palikuwa na migomo katika viwanda na shule kadhaa. Katika hotuba yake ya Februari 1957 juu ya migongano kati ya wananchi, Mao aliigusa habari hiyo, na maandishi yaliyochapishwa Juni mwaka huohuo yana jambo la kumpendeza mwanafilolojia. Kichwa cha sehemu hiyo chasema habari ya watu wachache kufanya "naoshi". Lakini aya yenyewe, inapoeleza kilichotokea, yataja "bagong" na "bake". Kichwa cha habari chahukumu, aya yaeleza. Twaweza kusema kwamba mwandishi alikuwa na maneno mawili kwa kitu kimoja, akaliweka la serikali juu na la wafanyakazi chini. Ila haki yatudai tukiri kwamba aya hiyohiyo yalaumu pia urasimu wa viongozi.

Katiba ya mwaka 1954 haikuitaja haki ya kugoma. Ya mwaka 1975 iliitaja katika kifungu cha 28, na ilitangazwa kwamba hilo lilikuwa pendekezo la Mao mwenyewe. Ya mwaka 1978 iliibakiza katika kifungu cha 45. Ya mwaka 1982 iliifuta. Hoja ya kuifuta ilikuwa nyepesi kusema: kiwanda ni mali ya umma, na mfanyakazi ni sehemu ya umma, basi akigoma amejigomea mwenyewe. Hatupendi kuidhihaki hoja hiyo, maana ina mantiki yake mahali ambapo kiwanda ni cha umma kweli. Lakini katika miaka iliyofuata viwanda vya watu binafsi na vya wageni viliota kama uyoga katika Guangdong na Fujian. Mwenye kiwanda alibadilika, na neno halikurudi.

Badala yake lilikuja neno lingine. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1992, kifungu cha 25, na marekebisho yake ya mwaka 2001, kifungu cha 27, zasema hivi kwa muhtasari: yakitokea katika kampuni matukio ya "tinggong" au "daigong", chama cha wafanyakazi kishiriki mashauriano na kusaidia uzalishaji urejee upesi. Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapopata kazi. Kwanza, kitenzi kikuu ni "fasheng", kutokea. Matukio hutokea, hakuna anayeyatenda. Pili, "ting" ni kusimama, na tofauti yake na "ba" ni kubwa kuliko kamusi zinavyokiri. Mvua husimama kwa "ting". Gari husimama kwa "ting". Saa ya ukutani husimama kwa "ting". Umeme ukikatika kiwandani, hiyo nayo ni "tinggong", na mwenye kiwanda akikosa malighafi akafunga milango, ni "tinggong" vilevile. "Ba" huhitaji mtu mwenye nia. "Ting" chaweza kutosheka na mtambo ulioharibika. Sheria ilipochagua "tinggong", iliutaja mgomo kwa jina linalofaa pia kwa hitilafu ya umeme.

Tatu, "daigong". "Dai" ni uzembe, kutojali. Wafanyakazi wanaopunguza mwendo kwa makusudi ili wasikilizwe wamewekwa katika neno moja na wavivu. Kiswahili cha Tanzania kina istilahi nzuri kwa jambo hilo, nayo ni "mgomo baridi". Ndani yake mna kukiri kwamba baridi au moto, ni mgomo. Mfasiri akiandika "uzembe kazini" amefuata herufi, na akiandika "mgomo baridi" amefuata jambo. Sisi twapendelea la pili, kwa sharti kwamba mfasiri aeleze kwamba sheria ya Kichina haikulisema.

Wengine watatuambia tunalia juu ya kaburi tupu, kwamba "bagong" limekufa kisheria nchini Uchina na yanayobaki ni masikitiko ya wataalamu. Sivyo. Neno li hai katika sheria mbili zilizotungwa na Bunge lilelile la Beijing: Sheria ya Msingi ya Hong Kong ya mwaka 1990 na ile ya Macau ya mwaka 1993, ambazo zote, katika kifungu cha 27, zawapa wakazi haki na uhuru wa "bagong". Tena mwaka 2001, mwaka uleule wa marekebisho tuliyoyataja, Uchina iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao kifungu chake cha 8 chataja haki ya kugoma kwa kufuata sheria za nchi. Uchina ilitoa tamko juu ya uhuru wa kuunda vyama, lakini juu ya ibara ya mgomo haikuweka kizuizi. Basi neno linakaa Hong Kong na Macau, linakaa katika mkataba wa dunia, nalo halikai Foshan.

Tumeutaja mji wa Foshan kwa sababu. Mei 2010 wafanyakazi wa kiwanda cha Honda huko Nanhai, wengi wao vijana, waliacha kazi wakidai nyongeza ya mshahara. Kiwanda kile kilitengeneza giaboksi, na bila giaboksi hakuna gari, hivyo kazi ya Honda ya kuunganisha magari nchini Uchina ikasimama. Walipata nyongeza. Jambo la kuangalia ni kwamba tukio hilo moja lilipewa majina mawili katika maandishi ya Kichina. Kuna "bagong" ya Nanhai na kuna "tukio la tinggong" la Nanhai, na msomaji makini huweza kukisia mwandishi amesimama wapi kabla hajafika mstari wa pili.

Hapa lakini yatupasa tujikosoe. Tulipoanza kuandika tuliamini kwamba "bagong" ni neno la wafanyakazi na "tinggong" la wakubwa, basi. Mambo si mepesi hivyo. Maadamu "tinggong" ndilo lililomo katika sheria, na tangu mwaka 2001 sheria hiyo hukitaka chama kiwawakilishe wafanyakazi likitokea, mtetezi mwerevu hulichagua kwa makusudi ili wateja wake wasimame juu ya ardhi ya kisheria. Neno lililoundwa ili kuficha mgomo limegeuka kuwa mwavuli wa wagomaji. Hayo ndiyo maisha ya maneno, na mwanafunzi anayetaka orodha mbili, moja ya maneno mema na moja ya maneno maovu, atafute taaluma nyingine.

Yako maneno ya watazamaji, ambayo kwayo tutapita haraka isipokuwa mahali pamoja. "Gongchao" ni maji kujaa kwa wafanyakazi. Watu wa pwani wangesema bamvua. Ni neno zuri kwa masikio, lakini maji hayana madai, na hakuna aketiye kushauriana na bamvua, hungoja lipwe. "Qunti xing shijian", tukio la kundi la watu, ni neno la ofisini ambalo huingiza humo mgomo, ugomvi wa mashamba na maandamano ya wenye nyumba bila kubagua. Nalo neno "xiagang", lililoenea katika miaka ya 1990 wakati mamilioni ya watu walipopunguzwa katika viwanda vya serikali, lasema kwamba mtu ameshuka lindoni. Halisemi amefukuzwa, wala halisemi hana kazi, kana kwamba askari amemaliza zamu yake na mwingine yuaja. Waliokuwa na "tie fanwan", bakuli la chuma la wali, yaani kazi isiyoondoshwa (kwetu tungesema sahani ya bukari isiyovunjika), waliambiwa wameshuka lindoni. Machi 2002, katika mji wa Liaoyang na katika mafuta ya Daqing, walitoka barabarani kwa maelfu.

Mahali pa kusimama ni hapa. Katika miaka ya 2000 magazeti yalizoea neno "tiaolouxiu". "Tiao" ni kuruka, "lou" ni jengo la ghorofa. "Xiu" ni neno la Kiingereza lililoazimwa kwa sauti, lile ambalo nasi tumelifanya "shoo", na likaandikwa kwa herufi ambayo maana yake ya asili ni uzuri, kung'ara. Neno zima lamtaja mfanyakazi wa ujenzi ambaye hajalipwa kwa miezi, apandaye juu ya jengo alilolijenga kwa mikono yake na kutishia kujirusha mpaka alipwe. Shoo ya kuruka ghorofani! Twajua kwamba wako waliopanda bila nia ya kuruka, na kwamba msongamano chini ya jengo huleta taabu. Lakini tulitazame neno. Lamweka mdai jukwaani na mdaiwa kitini. Lageuza deni kuwa onyesho, na mtazamaji hadaiwi na mwigizaji kitu chochote. Katika maneno yote tuliyoyachunguza hatukuona lililomdhulumu mtu zaidi ya hili, nalo halikutungwa na serikali. Lilitoka kwa waandishi wa habari, watu wa kalamu kama sisi, waliotaka kichwa cha habari kifupi.

Mfanyakazi yule, ukimwuliza anafanya nini, angesema "taoxin", nadai mshahara. Hata hapo lugha haikumwonea huruma nyingi. "Tao" ni kudai, lakini ndicho kitenzi kilekile cha "taofan", kuomba chakula kama maskini. Kiswahili chatenganisha kudai na kuomba kwa ukuta mnene. Kichina, katika kitenzi hiki, kimeacha mlango kati yao. Mwaka 2003 Waziri Mkuu Wen Jiabao, akiwa ziarani katika eneo la Chongqing, aliambiwa na mwanamke mkulima kwamba mumewe hajalipwa ujira wake. Ukalipwa usiku uleule, na tangu hapo "taoxin" likawa neno la kila gazeti mwisho wa mwaka wa Kichina unapokaribia. Mei 1, 2011, yalianza kutumika marekebisho ya sheria ya jinai yaliyofanya kukataa kulipa ujira kuwa kosa la jinai. Kitenzi hakikubadilika, ila mlango ule ulisogea kidogo kuelekea upande wa kudai.

Neno lililo karibu nalo ni "weiquan", kulinda haki. "Quan", kabla ya kuwa haki au mamlaka, lilikuwa jiwe la mizani. Wachina wenye masikio hawakosi kusikia kwamba mofimu "wei" ndiyo iliyomo pia katika "weiwen", kulinda utulivu, neno la idara za usalama. Mara nyingi mlinzi wa haki na mlinzi wa utulivu husimama barabara moja wakitazamana, na kitenzi chao ni kimoja.

Wafanyakazi nao hawakukaa kimya wakingoja wapewe maneno. Madereva wa teksi wakigoma husema wamekwenda kunywa chai kwa pamoja, "jiti hecha". Nani awezaye kumshtaki mtu kwa chai? Mwaka 2007 watu wa Xiamen waliopinga kiwanda cha kemikali walisema wanatembea tu, "sanbu". Mwaka 2019 watengenezaji programu walilifanya "996", yaani kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita kwa wiki, kuwa jina la malalamiko yao, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba ratiba hiyo ni kinyume cha sheria. Mwaka huohuo vijana walieneza "tangping", kujilaza chali. Wako wanaoyatukuza maneno haya kupita kiasi. Sisi twayasoma kwa furaha na kwa tahadhari: mtu aliyejilaza ameacha kazi, lakini hana mwenzake kando yake. "Jiaoxie" la wafumaji wa Suzhou lilikuwa na sauti ya kuita. "Tangping" halina.

Turudi langoni kwa mkalimani wetu. Msimamizi alisema "naoshi", naye akatafsiri "mmegoma". Kwa kipimo cha uaminifu alikosea: alipaswa kusema "anasema mnaleta fujo", ili wafanyakazi wajue wanaitwaje na wajibu wenyewe. Alitaka amani, na twamwelewa, lakini amani ile aliinunua kwa kuwanyima watu nafasi ya kulikataa neno.

Tulipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akatueleza sehemu ambayo hakuitaja mwanzoni. Jioni ya siku ile ziliandikwa kumbukumbu za mazungumzo kwa lugha tatu, na nakala ya Kichina ilikuwa kazi yake. Wajumbe wa wafanyakazi walikuwa wamesema, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba wamegoma na kwamba katiba yawaruhusu. Katika nakala ya Kifaransa liliandikwa "grève", katika ya Kiswahili "mgomo". Katika ya Kichina aliandika "tinggong", kwa kuwa ndilo neno alilolikuta katika nyaraka za kampuni, na kwa kuwa "bagong" lilimwonekea kali mno kuliandika mbele ya watu wale. Huko Uchina, kama tulivyoona, mtetezi angeweza kuwa na sababu njema ya kulichagua. Langoni kwetu hapakuwa na sababu hiyo: haki ilikwisha kuandikwa, na jina lake ni mgomo. Pande zote mbili zilitia sahihi chini ya nakala zote tatu, na nakala iliyopelekwa Uchina yasema kwamba siku ile kazi ilisimama.